Kifuniko cha Mkono wa Kushoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Godelive Zihindula ameketi kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake ya tofali za udongo, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Anahamisha sindano kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Sindano yenyewe ni waya wa mwavuli uliovunjika, umenolewa kwenye jiwe. Anachoma, anavuta utepe wa plastiki ya buluu, anakosa. Anafumua. Anachoma tena.

"Mama Gode!" anaita jirani yake Norbert, fundi cherehani, akipita na ndoo ya maji. "Huo mkono utakutoboa jicho! Mungu alikupa mwingine, na unafanya kazi vizuri."

"We shona masuruali ya batu, Norbert. Mi uniache na shule yangu."

Godelive ana miaka sitini na moja, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo; kwa Kiswahili cha huko "batu" ni watu na "njo" ni ndipo. Vikapu vyake huanzia kwenye nyasi anazokata bondeni, akazianika siku tatu, kisha akaziloweka kwenye beseni. Fungu la nyasi hulizungusha, akalifunga mzunguko kwa mzunguko kwa tepe alizokata kwenye mifuko ya sukari, ya mkate na magunia ya unga wa mgao. Mifuko huiokota, huiosha kwa sabuni na kuianika kambani kama nguo za mtoto mchanga.

Mjini Lilongwe kikapu chenye kifuniko hununuliwa kwacha elfu tano. Nauli ya kwenda na kurudi humla elfu tatu.

Kwa miaka tisa Godelive hakuwa akifuma vifuniko. Hiyo ilikuwa kazi ya Béatrice, mwanamke wa Uvira aliyefika kambini mwaka uleule aliofika Godelive, 2006, na kujenga ukuta kwa ukuta naye. Mmoja alifuma tumbo la kikapu, mwenzake kifuniko, beseni moja katikati yao.

Béatrice ni wa mkono wa kushoto. Utotoni mama yake wa kambo aliufunga mkono huo kwa kitambaa ili autumie wa kulia, lakini haukubadilika. Kwa hiyo vifuniko vyake vilizunguka kinyume. Mstari wa buluu ulipanda tumbo la kikapu ukilalia kulia, ukafika kifunikoni na kulalia kushoto, mistari ikakutana kama paa la nyumba.

Wanawake wa jirani waliwacheka, wakasema kikapu hicho kimefumwa na watu waliogombana. Lakini Mai Kamwendo, mwenye duka dogo Old Town, Lilongwe, alikipenda, na wateja wake wakazoea kukiulizia.

Mei 2015 jina la Béatrice lilitoka kwenye orodha ya wanaohamia Kanada. Akaondoka.

"Mi naloweka nyasi ya batu babili," anasema Godelive, akionyesha beseni. "Kila mara. Njo nakumbuka, na imekwisha kuoza. Nasema, Gode, we iko na akili kweli?" Anacheka.

Alianza kufuma vifuniko mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Vikageuka upande mmoja na tumbo, mistari ikapishana bila kukutana. Julai mwaka huu wa 2016, Mai Kamwendo alivigeuzageuza vikapu vinane mezani, akavirudisha vyote.

"Amayi, hivi sivyo," alimwambia kwa Kichewa, akimwita mama. "Wateja wangu wanataka vile vinavyokutana. Hivi peleka sokoni Tsoka. Ukiniletea vile, nachukua vyote."

Godelive alisema "zikomo", yaani asante, akavifunga tena kwenye kitenge. Hakumweleza lolote.

"Ningesema Béatrice ameenda, angesema basi, kazi imekwisha," anaeleza. "Na mi niko na hii tu. Nisiposhika kikapu, siku inapita sijasema na mtu."

Ikamchukua miezi mitatu kuufundisha mkono wa kushoto. Vidole vilivimba. Kifuniko ambacho Béatrice alikimaliza kwa siku moja, yeye alikimaliza kwa siku nne, na bado kilikwenda mrama. Siku moja akahamia upande wa pili wa beseni, alipokuwa akikaa Béatrice. Huko mwanga ulimjia vizuri, kivuli cha mkono kikaondoka kwenye kazi, na sindano ikapata njia.

Wiki iliyopita alipeleka vitatu. Mai Kamwendo alivizungusha taratibu, akatabasamu.

"Eee, sasa ndivyo! Nisalimie mwenzako."

Akalipa papo hapo, akaagiza kumi vya Krismasi.

"Hakujua," anasema Godelive. "Hata kidogo hakujua. Niliingia kwa minibasi nikalia njia nzima. Kondakta akaniuliza, amayi, wamekuibia? Nikamwambia ndiyo."

Jumapili baada ya ibada, Norbert humwazima simu. Upande wa pili, Winnipeg, Béatrice anafanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia kuku. Hajafuma chochote tangu afike. "Dada, nyasi ya huku iko chini ya neige," alimwambia mara ya mwisho, akimaanisha theluji.

Hapo ndipo Godelive alipopata wazo. Machi mwakani Épitace, shemasi wa kanisa lao, atahamia mji huohuo na familia yake, na amekubali kumpelekea Béatrice kikapu. Shemasi alihofia kuwa nyasi zitazuiwa uwanja wa ndege. Basi juu ya kitanda cha Godelive kiko kikapu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufuma, kisicho na unyasi hata mmoja: tumbo lote ni magunia yaliyosokotwa, likafungwa kwa tepe za buluu. Hakina kifuniko. Ndani yake kuna sindano mpya ya waya wa mwavuli.

"Kifuniko akifumie kule," anasema. "Mifuko ya plastiki haikosi pahali."

Na Béatrice akisema amesahau?

Godelive anauhamisha tena ule waya kwenye mkono wa kushoto.

"Ule mkono baliufunga na kitambaa, na haukusahau. Sasa njo utasahau sababu ya baridi?"