Pua ya Mwokaji na Mstari Mmoja

Mwokaji mikate wa mtaa ule walimwita Pua, naye hakuona ubaya. Jikoni kwake hapakuwa na saa. Alivuta hewa mara moja tu, akajua mkate wa nyuma umeiva na wa mbele bado.

Asubuhi moja mkewe alitoka chumbani mbio, leso puani, akamkuta amesimama katikati ya moshi akipiga mluzi. Tanurini mikate ilikuwa mkaa mtupu.

"Baba watoto, husikii harufu?"

"Harufu gani?" Pua aliuliza, akakohoa.

Mkewe hakubishana. Alimletea kipimo cha korona kilichobaki kabatini. Pua akajichokoa pua mpaka machozi yakamtoka, akadondosha matone, akasubiri kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani. Ukatokea mstari mmoja. Hana korona.

Kuanzia hapo hakushikika. Alikiegemeza kile kipimo kwenye kioo cha kaunta, kando ya keki, na mteja yeyote aliyesogea nyuma kwa kuogopa kikohozi alionyeshwa kwa kidole.

"Soma mwenyewe. Hili ni vumbi la unga tu."

Mchana akaunguza trei nyingine, akailaumu tanuri.

Jioni akapita shemeji yake, dada wa mkewe, anayeuza katika duka la dawa.

"Shemeji, kikohozi kimeanza lini?"

"Jana. Lakini nimepima, sina."

"Umepima mapema mno. Siku za mwanzo virusi huwa vichache, kipimo kinaweza kisivione. Kikisema unao, amini. Kikisema huna na wewe unakohoa hivyo, kaa ndani, halafu upime tena keshokutwa."

"Yaani kinasema kweli kikileta habari mbaya tu?"

"Karibu na hapo."

Keshokutwa ilipofika, mistari ikawa miwili. Pua akang'aka: juzi kilimdanganya, leo akiamini kwa lipi? Alipogeuka, mkewe alishapeleka godoro la mumewe chumba cha uani.

Huko ndani alifanya jambo moja la kiungwana: aliwapigia simu wateja wake, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba radhi. Mwalimu wa jirani alipokea akiwa anakohoa.

"Uliniambia nisome mwenyewe," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nikasoma."

Pua akamtakia afya njema.

Tanuri ikabaki kwa mkewe, aliyenunua saa ya ukutani na kuitundika juu yake. Kila alfajiri Pua aligonga dirisha la uani. "Geuza trei, inaungua!"

"Umejuaje?" mkewe aliuliza bila kugeuka.

Hakujua. Ilikuwa mazoea tu.

Alipopona, akaoga, akavaa aproni safi, akaingia jikoni. Mkewe alimpisha njia vizuri kabisa, hadi mbele, kwenye kaunta. Wateja walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyeoka.