Malisho ya Chini ya Maji

Baba yangu hali nyama ya mnyama ambaye hajui alikuwa anakula nini. Nguruwe hali, kwa sababu nguruwe hachagui. Kuku hali, kwa sababu aliwahi kumwona kuku akimeza kipanya. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni jambo jingine. Hao amewachunga mwenyewe, kwanza kwenye tambarare za Hanang, upande wa Mogitu alikozaliwa, halafu huku Tlawi alikohamia baada ya kuoa, na anajua kila jani lililopita mdomoni mwao. Nilipokuwa chuoni nikisoma sosholojia niliandika insha ndefu kuhusu jambo hilo, nikapewa alama nzuri. Nilidhani nimelielewa.

Kisha daktari wa kituo cha afya akamwambia presha imepanda mno, aachane na nyama nyekundu na mafuta. "Kula samaki, mzee," alisema. Baba aliitikia kwa heshima, tukatoka. Nyumbani aliacha nyama siku hiyohiyo. Samaki hakumgusa. Akabaki na ugali na mboga za majani, akila kama mtu anayetumikia kifungo: matonge manne, kisha anasukuma sahani na kutazama nje. Mavuno yalipokwisha, alikuwa ameshatoboa mkanda wake matundu mawili mapya kwa msumari.

Mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri ajira, na mtu anayesubiri ajira ana muda mwingi wa kuuliza maswali. Nilimuuliza daktari kwa nini iwe samaki na isiwe maharage. Akasema maharage pia sawa. Nilimuuliza baba kwa nini hataki maharage. Akasema yanamjaza upepo. Nikamuuliza kwa nini hataki samaki.

"Anakula nini?" akasema.

"Nani?"

"Huyo samaki wenu. Huko chini. Nani amemwona akila?"

Swali hilo liliniuma kuliko kufeli mtihani. Nikaamua nitamtoa samaki mmoja majini kwa mkono wangu, na huyo samaki ndiye atakayejibu.

Ziwa letu ni dogo. Asubuhi ukungu hulilalia kama ngozi iliyotandazwa kukauka, na matete ya pembezoni yanaonekana nusu tu, yameota hewani. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa tusipige kelele pale, kuna mwenyewe chini, ataamka. Siku hizi siamini. Lakini niligundua kwamba kila nilipokaribia maji nilipunguza sauti, hata nilipokuwa peke yangu, hata nilipokuwa nawaza tu.

Kwetu hakukuwa na mtu wa kunifundisha kuvua, kwa hiyo nilianza na simu. Mtandaoni kuna wazungu wanaovua samaki wao anayeitwa besi, mwenye mdomo mpana kama mlango wa zizi. Wana mashua zenye mazulia. Wanarusha minyoo ya plastiki yenye rangi za pipi, wanaivuta polepole, na besi anairukia kwa hasira. Nilitazama video hizo kwa majuma mawili, nikafunga mafundo juu ya kitanda, nikaota maji yanayopasuka. Nailoni niliinunua sokoni Dongobesh. Muuzaji alinipimia akaniuliza ninatunga shanga za nani, nikamwambia za baba. Ndoano nilizipata kwenye duka la pembejeo, zimeshika kutu kidogo, hakuna aliyewahi kuziulizia. Chambo changu nilikitengeneza kwa shanga tatu nyekundu na kipande cha mfuko wa bluu.

Nikarusha. Nikavuta. Nikarusha tena. Jua lilipanda, ukungu ukaondoka bila kuaga, na milima ya ng'ambo ikajitokeza juu ya maji kichwa chini. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Kuna wakati nilisahau nimekuja kufanya nini. Mkono ulirusha wenyewe, na mimi nikawa mahali pengine, pasipo na barua za maombi ya kazi wala matundu ya mkanda.

"Unamvulia nani hizo hereni?"

Alikuwa mwalimu wa shule yetu ya msingi, mama wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka Ukerewe. Kila Jumamosi asubuhi alikuja ziwani na ufito wa mwanzi na ndoo, na watu walisema mengi juu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikamweleza habari za besi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akacheka hadi akaketi kwenye ndoo yake.

"Mwanangu, hapa hakuna wa kurukia shanga. Hapa kuna kambale na kuna perege. Chuoni ulisoma nini?"

"Sosholojia."

"Hawakuwafundisha kwanza kumjua mwenyeji?"

Akanipa ufito wake wa akiba. Akanionyesha kutumia kipande cha kandambili kama boya, na nati ya baiskeli kuzamisha uzi. Akanionyesha nyungunyungu, jinsi ya kumvisha ndoano, na hapo nilifumba macho akanicheka upya. Zaidi ya yote alinionyesha kukaa. Hakukuwa na kurusha na kuvuta. Unaweka boya juu ya maji, unalitazama, na baada ya muda hujui tena kama boya linaelea au ni wewe.

Samaki wangu wa kwanza alikuwa kambale. Alikuja mzito, mweusi, akijipinda kama mkono wa mtu anayekataa kushikwa. Nilimpeleka nyumbani mbio. Baba alimgeuza kwa ncha ya fimbo, akatazama ndevu.

"Huyu ni paka."

"Ni samaki, baba."

"Anakula nini?"

Mwalimu alikuwa amempasua mbele yangu pale ziwani, na tumboni tulikuta wadudu, na mkia wa samaki mwenzake. "Kila kitu," nikasema.

"Basi ni nguruwe wa majini. Mrudishie mwenyewe."

Jioni hiyo alikula matonge matatu.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza Mwalimu kesi yote, tangu kuku na kipanya. Safari hii hakucheka. Alisema kwao Ukerewe mtu asiyekula samaki angekufa na njaa akiwa amekaa mezani, lakini akafikiri kidogo.

"Perege anakula majani. Ule ukijani unaoota kwenye mawe, anaukwangua siku nzima. Kama ng'ombe wenu tu."

"Lakini wewe unamvua kwa nyungunyungu."

"Akimkuta hamwachi. Na wewe mwambie mzee anakula majani, yaishe. Si uongo."

"Si ukweli wote."

"Ndiyo maana wachumba wanakukimbia," akasema, na akamtoa nyungunyungu kwenye ndoano yangu, akamtupa.

Tukakubaliana kwamba nitamvua perege kwa majani, au nisimvue kabisa. Nilikwangua ukijani kwenye mawe, nikausokotea kwenye ndoano uwe kama uzi wa sufu. Ulilegea na kuelea zake. Nikasokota tena. Jumamosi ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Mwalimu kando yangu alikuwa akitoa perege kwa nyungunyungu mmoja baada ya mwingine, akiwaweka kwenye ndoo bila kunitazama. Kipande changu cha kandambili kilikaa juu ya mawingu, maana mawingu yote yalikuwa ndani ya maji, na nikaanza kuwaona, au kuwawaza, chini kule: kundi linalotembea taratibu kwenye mteremko wa kijani, vichwa chini, bila kengele, bila vumbi. Nilijiuliza nani huwapeleka asubuhi na nani huwarudisha. Nilijua ni swali la kipuuzi. Liliendelea kuwepo.

Jumamosi ya nne boya lilitikisika kidogo sana, kama kope. Likatulia. Likaenda pembeni, bila haraka, kama mtu anayeondoka kwenye kikao. Nikainua.

Hakuwa mkubwa. Alijaa kiganja na vidole. Nilimbeba nyumbani kwenye ndoo yenye maji ili baba amwone akiwa hai, na nilitembea kwa hatua fupi njia nzima nikilinda maji yasimwagike.

Baba alichuchumaa mbele ya ndoo. Alimtazama muda mrefu, kutoka ubavu huu, kisha akazunguka na kumtazama kutoka ubavu ule, kama anavyofanya mnadani.

"Macho yake yako pembeni, kama ya mbuzi," akasema. Hilo lilimpendeza kidogo. "Anacheua?"

"Hapana, baba."

"Hm."

Akaomba kisu. Akampasua mwenyewe, taratibu, kama anavyompasua mbuzi, akatafuta utumbo na kuanza kuuvuta. Utumbo ukaja. Ukaendelea kuja, mwembamba kama uzi wa shanga, umejikunja mizunguko kwa mizunguko, mpaka akaacha kuvuta na kuushika kwenye mwanga. Kutoka kwa samaki wa kiganja kimoja ulitoka utumbo mrefu kuliko mkono wangu.

"Na yule paka? Wake ulikuwaje?"

"Mfupi."

"Mla nyama ana utumbo mfupi," akasema. "Fisi, mbwa, wote." Akauminya kwa kidole gumba. Kikatoka kitu cha kijani, laini, na akakinusa.

Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa ameshafika mlangoni kusikiliza, ameshika sufuria yake kifuani isije ikachukuliwa kupikia samaki. Lakini matundu ya mkanda nilikuwa nayaona, na nilihisi kwamba tonge atakalokula kwa kudanganywa halitamkaa.

"Baba, kuna jambo. Akimkuta nyungunyungu, anamla. Si kila siku. Ila anamla."

Alinawa kidole kwenye ndoo. Alimtazama perege, akatazama zizini.

"Kiangazi kikizidi," akasema, "ng'ombe hutafuna mifupa. Nimemwona ng'ombe wangu mwenyewe, kule Mogitu, anatafuna mguu wa pundamilia siku nzima. Sikumwita fisi."

Mama alikataa kutoa sufuria, kwa hiyo nilimchoma juu ya mkaa uani, kwa chumvi tu. Baba alikula polepole sana, akitoa miiba na kuipanga pembeni ya sahani, mmoja mmoja, kana kwamba atairudisha. Nilihesabu matonge bila kutaka. Moja, mbili, tatu, nne.

"Wako wangapi huko chini?" akauliza.

"Hakuna anayejua, baba."

"Mchungaji wao mzembe," akasema, na akanyoosha mkono kwenye ugali.