Mbuzi Mwenye Kengele

Fundi viatu mzee alizoea kuusugua mkono wa kushoto kabla ya kusema neno, pale ulipokaa mkanda wa kupimia mwendo aliovalishwa na binti wa utafiti. Wazee wenzake waliukataa, wakamcheka: "Umefungwa kengele kama mbuzi!" Naye akawajibu, "Mbuzi mwenye kengele hapotei." Kila asubuhi aliufuta kwa kitambaa chake cha kung'arishia viatu, kwa vidole vilivyopindishwa na uzi wa nta. Na kila aliposhtuka usingizini aliupunga mkono ule gizani, polepole, kama anayeagana na mtu ng'ambo ya barabara.

Siku ya kuuvua mkanda, binti alimuuliza kwa nini alikubali kuuvaa.

"Jirani yangu alikufa peke yake chumbani mwake, mjukuu wangu, tukajua kwa harufu. Nikasema, mimi nikitulia, ninyi mtaona, mtakuja."

Binti aliinamisha macho. "Babu, mkanda hautuletei habari papo hapo. Tunausoma tukishauchukua."

Mzee akacheka kidogo, akausugua mkono. "Sasa usiku wote ule nilikuwa nampungia nani?"

Binti akaufungua mkanda. Mkono ukabaki umenyooshwa.