Mama ameniambia nigeuze simu aone mlima

Aki leo Mama amenimaliza.

Niko huku Uingereza, na leo tumezunguka mashambani kwa gari na wenzangu wa kazi. Vilima, kondoo, ukungu, kanisa la mawe. Wao wanapiga picha, mimi moyo uko nyumbani Gatitu, Nyeri.

Nikampigia Mama video.

"Ati hapo si Mweiga? Kwani umekuja na hujapitia nyumbani?"

Nikacheka. "Mama, hii ni Uingereza."

"Wacha mchezo. Hebu geuza simu nione mlima."

Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikageuza! Nikaanza kutafuta Mlima Kenya nyuma ya kanisa la wenyewe.

Ilikuwa mawingu matupu.

Mama akasogeza uso karibu na simu. Halafu akasema polepole, "Mlima umefunikwa leo. Ngoja tu, utafunguka jioni."

Sikumrekebisha.

Watu wa Nyeri mlio mbali, semeni ukweli: mkiamka asubuhi, nyinyi huangalia upande gani?

Sasa hivi wenzangu wanapiga honi twende. Nimewaambia wangoje kidogo, mawingu yanasonga.