Gari-nyumba la Area 36

Mimi ni fundi cherehani, na gari lile sikulitaka litembee. Nilitaka kuliegesha sokoni Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, na kuweka mashine yangu ndani, ili vitambaa vya bantu, wateja wangu, visinyeshewe. Basi tukashuka Lilongwe, mimi na mke wangu, hadi Area 36, kwa bwana mmoja aliyekuwa anauza gari kuukuu lenye kitanda na jiko ndani.

Bwana yule aliwasha injini bila kuombwa, akafumba macho akiisikiliza kama kwaya. Nilimwambia habari ya injini hainihusu. Akaiwasha tena.

Ndani kulinuka rangi mbichi. Alikuwa amepaka ukuta mmoja tu, ule wa kitandani. Niliusukuma kwa kidole, kidole kikazama kama kwenye nsima, ugali wa huku. Mke wangu akainua godoro. Chini yake mbao zilikuwa nyeusi, zimeota ukungu.

"Njo maana alifungua madirisha yote," akasema.

Mwuzaji hakuona haya hata kidogo. Aliniuliza kwa Kichewa, huku akicheka, "Achimwene, ninyi wa kambini mnalala kwenye nyumba za udongo. Leo mnachagua ukuta?"

Nilirudi mlangoni kuvaa viatu, maana nilikuwa nimevivua kama mjinga, kwa heshima ya nyumba yake.

"Nyumba yangu ya udongo ninaikandika mvua ikikaribia," nikamjibu. "Wewe yako unaikandika mnunuzi akikaribia."