Siku Tatu Nyuma Ulishika Nini?

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kuzificha. Mama yangu alizoea kuniambia hasira hasara, nami nikimjibu kwamba hasara ni yangu, itanikuta mwenyewe. Nilikuwa najidanganya. Ile niliyoifanya msimu mmoja wa korosho, hapa Mbekenyera, ilimkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, naye hakuwa na kosa hata chembe.

Nilikuja kuolewa hapa nikitokea Kilimarondo, upande wa Nachingwea. Kufukuza tembo shambani kwa kupiga debe nilikuwa fundi, lakini kubangua korosho nilikuwa sijui. Wifi ndiye aliyenikalisha chini akanifundisha. Unazichoma kwenye bati lililotobolewa, maganda yanatema mafuta na kushika moto, unazimwaga mchangani, zikipoa unazipasua moja moja kwa jiwe. Wanawake wa hapa hawagusi ganda kabla hawajapaka majivu mikononi, kwa kuwa mafuta ya ganda yanaunguza. Tulikuwa tukibanguliana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mahali wifi alinisogezea bakuli la majivu.

"Paka, wifi."

Mwaka wa kwanza nilipaka. Mwaka wa pili nikapaka kidogo. Baadaye nikaona majivu ni mambo ya wageni, nikawa nabangua mikono mitupu. "Mwili wangu umeshazoea," nikawa nasema. Vidole vyeusi, kucha nyeusi, na hakuna aliyenipita kwa kasi. Wenzangu wakanitania kwamba mikono yangu imechongwa kwa mpingo, nami nikavimba kichwa kuliko inavyofaa.

Jumamosi moja tulibangua kwangu tangu asubuhi mpaka alasiri. Jumapili wifi akaniletea chupa ya mafuta ya ufuta aliyoyakamua mwenyewe. Mafuta yake yalikuwa na sifa, na mikono yake pia. Kila aliyejifungua hapa jirani alimpelekea mtoto amkande. Nikashukuru, nikajipaka mikono na uso. Jumatatu naamka, macho hayafunguki. Kope zimeumuka kama maandazi, midomo imevimba, mikononi malengelenge yanatoa maji. Na muwasho! Jamani, ule muwasho usimwombee hata adui yako.

Mwenye akili angekaa kwanza akafikiri. Mimi nikajitanda khanga nikaenda bombani, ambako nilijua nitamkuta, na nilijua watu watakuwa wamejaa.

"Umeniwekea nini kwenye mafuta?"

Akatua ndoo. "Mafuta gani tena, wifi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako! Mimi nakuita ndugu, kumbe una lako!"

Kwingine labda lile lingekuwa swali tu. Kwetu, ukimuuliza mtu mbele za watu amekuwekea nini, umeshamwita mchawi. Nilijua hivyo wakati nasema. Nilimwona akitazama huku na huku, akitafuta hata mmoja wa kucheka na kusema acheni upuuzi. Hakumpata. Akajitwisha ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka. Nami nikajiona nimeshinda, Mungu anisamehe.

Mume wangu akaniitia bodaboda ya kunipeleka zahanati. Dereva, kijana wa juzi tu, akanichungulia ndani ya khanga. "Duh, mama, huo uso umeazima kwa nani?" Nilimsema njia nzima.

Nesi alikuwa binti mdogo, mpole, wa kuja. Nikaanza kumweleza kwamba jana nilipaka mafuta ya mtu fulani. Akanikatiza.

"Jana iache kwanza. Siku mbili tatu nyuma ulishika nini?"

"Korosho. Lakini korosho nashika kila mwaka. Mwili umezoea."

"Hapana, mama. Mwili haukuzoea. Mwili ulikuwa unakumbuka."

Akanieleza huku ananisafisha mikono, taratibu, na mimi nikilalamika. Mafuta ya ganda yakikumwagikia yanaunguza papo hapo, hayachagui mtu. Lakini hii yangu ilikuwa nyingine. Yale kidogo kidogo yaliyokuwa yakipenya kwenye ngozi msimu hadi msimu yalikuwa yanabebwa na chembe za ngozi mpaka kwenye matezi ya kwapani, wanakokaa askari wa mwili. Huko wakaonyeshwa: mtazameni adui huyu, mshikeni sura. Askari wakaongezeka, na wengine wakabaki humo ndani miaka yote wakimngoja. Siku akirudi wanaitana, wanakusanyika, na kukusanyika kwao kunachukua siku moja, mbili, hata tatu. Ndipo ngozi inapovimba.

"Kwa hiyo aliyenifanya hivi ni nani?"

"Askari wako mwenyewe. Wanadhani wanakuokoa."

"Na macho je? Kwani mimi nabangua kwa kope?"

"Ulijifuta jasho kwa mkono gani?"

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Sikuyapenda maneno yale. Kama ni kweli, basi wifi hana kosa, na mimi nilikuwa nimeshasema. Nikamuuliza, kwa ukaidi tu, je, mafuta ya ufuta nayo hayawezi? Akasema yanaweza, ni mara chache lakini yanaweza. Nikishapona nipake tone moja ndani ya mkono, karibu na kiwiko, pale pale, asubuhi na jioni, wiki nzima. Pakiwasha niache, nirudi kwake. Pasipowasha, mafuta hayana hatia.

Krimu na vidonge alivyonipa vilinitoa uvimbe. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kinaendelea kwa wifi. Kutoka uani kwangu naona mlango wake, na nilikuwa naona hakuna anayeingia. Mzazi mmoja alimfunga mtoto mgongoni akaenda mpaka Narung'ombe kutafuta mtu wa kumkandia. Zamani wifi alikuwa akiimba anapokanda watoto, nasikia mpaka jikoni. Sasa kimya. Mume wangu alisema mara moja tu: "Yule ni dada yangu, wewe ni mke wangu. Neno la kusema unalo wewe, mimi sina."

Nikaanza kupaka lile tone la mafuta ya wifi. Kila asubuhi nasimama mlangoni penye mwanga, nauchunguza mkono. Nitasema ukweli: siku za mwanzo nilikuwa naomba uwashe. Kipele kimoja tu kingenitosha, nikauinue mkono bombani na kusema mnaona? Siku ya nne sikuona kitu. Siku ya tano nikaukasirikia mkono. Siku ya saba pale nilipopaka pamekuwa laini kuliko sehemu nyingine zote, na mimi nikakaa kizingitini nikalia. Nilikuwa nimemharibia mtu jina, na shahidi wake ni ngozi yangu.

Jumamosi iliyofuata zamu ya kubangua ilikuwa kwake. Walikuja watano tu, nao nadhani kwa kuona haya. Mmoja wao alikuwa mzazi mpya, si yule aliyekwenda Narung'ombe, amekaa kibarazani na mtoto wake, mbali na bati la moto. Nikaingia, nikasimama katikati yao, nikakunja mkono wa gauni.

"Wiki nzima nimepaka mafuta yako hapa. Tazama."

Wifi akaendelea kubangua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mkono nimeuona," akasema. "Bombani ulikuja na mkono?"

Nikaushusha mkono wa gauni.

"Ulikuja na mdomo. Basi niletee huo."

Kule bombani nilipaza sauti, kwa hiyo na hapa nikapaza. "Nilimsingizia wifi yangu. Mafuta yake hayana kitu, na yeye hana kitu. Ni korosho, nilikataa majivu, mwili wangu ukazikataa korosho. Mkikutana na wengine waambieni hivyo, na waambieni nimesema mimi." Wakatazamana. Nilitamani hata mmoja anitukane.

Yule mzazi akainuka kibarazani. Akapita mbele yangu na mtoto wake, akaenda kusimama mbele ya wifi, akamnyooshea.

"Tangu azaliwe hajakandwa," akasema. "Halali vizuri."

Wifi akamtazama mtoto, akatazama mikono yake myeusi. Akaenda kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akamwaga maji, akanawa tena. Mama wa mtoto akasubiri. Kisha wifi akaketi kibarazani, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja na kuanza mabegani, kwa vidole viwili. Wengine wakarudi kwenye mawe yao. Mimi sikujua niondoke au nikae, nikabaki nimesimama pale pale, machozi yananitoka.

Alikuwa anamgeuza mtoto tumbo chini aliposema, bila kuinua kichwa:

"Wifi, moshi wa maganda unakufuata hapo. Hamia huku, utavimba tena."

Nikahamia.