Mtiki Wenye Jina Langu

Enzi zetu mti wa shule ulikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa lako. Ukikauka mti, na wewe umekauka nao. Siku hizi nasikia miti inapandwa na "wadau", na ikikauka wanaitwa wadau wengine. Hongereni sana, wanangu. Sisi washamba tulitoboa majina yetu kwa msumari kwenye kipande cha bati, tukakitundika kwenye kijiti kando ya mche, na mwalimu akapita na fimbo yake mstari kwa mstari kusoma nani kaua nini.

Shule yetu ilikuwa kati ya Zinga na Mlingotini, na nyuma yake ndiko tulikopanda shamba la mitiki. Aliyetufundisha kazi hiyo alikuwa ofisa wa misitu, akija kwa baiskeli huku suruali ameibana kwa kibanio cha nguo. Tulimwita Bwana Miti. Jina lake la kuzaliwa sikuwahi kulijua, na wa kumuuliza hakuwepo. Leo mtu wa kazi yake ana cheo kirefu kuliko mche anaoupanda. Yeye tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza kama tumekula. Tuliokula na tusiokula sote tulisema tumekula, naye akatukalisha chini kujaza udongo na samadi kwenye viriba, vile vimfuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Tulinuka mavi ya ng'ombe mpaka madaftari. Siku ya kupanda alipiga kelele hadi sauti ikamkauka: "Chana kiriba kwanza! Mizizi haili plastiki!"

Mche wangu ulikaa jirani na wa Mwanahamisi, niliyekuwa naketi naye dawati moja. Bati langu liliandikwa TEKLA. Lake, msumari ulimchosha njiani, likaishia MWANAHAM, na Mwanahamu ndiye akawa mpaka leo.

Tulichota maji kisimani, tukapalilia, tukafyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, kashata zikituyeyukia mifukoni. Mama yangu alinisindikiza kila asubuhi kwa maneno yaleyale matamu: "Mti ukifa, lala hukohuko." Na raha tulizipata. Jani changa la mtiki ukilifikicha mkononi linatoa rangi nyekundu, basi tulijipaka midomoni na kwenye kucha tukawa mabibi harusi, tena bure. Mabinti wa leo ukiwapa jani hilo watakuuliza linauzwa ukurasa gani.

Miti ikatupita kimo. Wangu niliupenda, nasema wazi, wala sioni haya. Baba alikuwa fundi wa kutoka bara, na pale pwani hatukuwa na hata kiambaza cha kwetu. Kila mtoto mwenzangu alikuwa na mnazi wa babu yake wa kuringia. Mimi nilikuwa na mtiki ule, kitu pekee katika ardhi ile kilichobeba jina langu.

Ndipo siku moja Bwana Miti akaja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Akatueleza kuwa miti imesongamana, lazima mingine itolewe ili inayobaki inenepe. Tukamfuata nyuma. Alipofika kwetu akasimama. Mtiki wangu na wa Mwanahamu ilikuwa imeingiliana matawi.

"Hapa unabaki mmoja," akasema.

"Wangu ndio mrefu, Bwana Miti," nikawahi.

"Mrefu, ndiyo. Lakini umepinda." Akauchora alama nyekundu tumboni. "Huu ukitoka, mwenzake utapumua."

Nililia, jamani. Nililia mpaka kamasi zikanifika kidevuni. Nyumbani Mama akanisikiliza wee, halafu akasema, "Umemaliza? Haya, ndoo ile pale." Siku hizo hatukuwa na wanasihi, tulikuwa na ndoo. Mtiki wangu ukawa nguzo ya jiko la shule, ukafukizwa moshi wa uji. Mwanahamu alinipa kashata yake nzima, na waliokulia pwani wanajua uzito wa kashata nzima.

Mwaka huu shamba limevunwa, mbao zimekuwa madawati kama Bwana Miti alivyoahidi, Mungu amrehemu. Mtiki wa Mwanahamu ulikuwa mnene hata mikono ya mtu mmoja haikuuzunguka. Kisha tukaalikwa, sisi wanafunzi wa zamani, kwenye sherehe ya kupanda upya. Lo, ilifana! Maturubai, spika, fulana za bure. Mgeni rasmi alichelewa kama ada, akavalishwa glovu nyeupe, akashikiwa mwavuli, akaushusha mche shimoni huku macho yake yakiwa kwenye kamera. Vijana nyuma yake walipanda kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Makofi yakapigwa, kisha wote wakakimbilia pilau.

Mwanahamu akainama kwenye mche wa mgeni rasmi.

"Lahaula! Tekla, njoo uone maajabu ya Musa."

Kiriba kilikuwa hakijachanwa. Tukaangalia wa pili, wa tatu, mstari mzima: miche yote imezikwa na plastiki yake. Tulicheka tukashika viuno, halafu kicheko kikaisha. Tukapiga magoti, na magoti yetu mnayajua, tukaanza kufukua, kuchana na kupanda tena. Pilau ikapoa bila sisi.

"Tutakufa kabla hii haijafika magotini," nikalalamika.

"Kwani Bwana Miti alikalia dawati gani?" akanijibu, akazidi kufukua.

Tulipomaliza, akafungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha bati. Kimetobolewa kwa msumari, taratibu, herufi zote zimetimia: TEKLA.

"Wako ulitolewa ili wangu upumue," akasema. "Shika. Na usinilize mbele za watu."

Nikalia, ndiyo, kamasi na yote. Kisha nikatafuta kijiti, nikalitundika bati langu kwenye mche wa mgeni rasmi. Mwakani wakirudi na kamera zao wakauliza huyu Tekla ni nani, waambieni ni mdau.